Maswali ya Wasomaji: Skrini Inayojifunga na Jina Lako Kazini

Toleo lililopita lilipozungumzia nenosiri, barua nyingi zilizotufikia hazikuuliza juu ya nenosiri lenyewe, bali juu ya jambo linaloandamana nalo: kompyuta ya ofisini kujifunga yenyewe inapokaa bila kuguswa, na usumbufu anaoupata mfanyakazi kila anapolazimika kuifungua upya. Tumechagua barua chache zinazowakilisha nyingine na kuzifupisha. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa wengi wao wanaeleza mambo ya ndani ya kazi zao.

Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika chama cha akiba na mikopo mjini Moshi. Fundi mpya wa TEHAMA amezipanga kompyuta zetu zote zijifunge baada ya dakika tano bila kuguswa. Ninapomsikiliza mwanachama akieleza shida yake, au ninapohesabu fedha, kompyuta hujifunga, nami huanza kuandika nenosiri refu huku foleni ikisubiri. Ofisi yetu ni ndogo, tuna mlinzi mlangoni, na sisi wenyewe tunafahamiana kwa miaka mingi. Kuna ulazima gani wa jambo hili?

Ndugu mhasibu, malalamiko yako ni ya haki na nitayarudia hapa chini, lakini kwanza tuelewane ni nani hasa anayezuiwa na kufuli hilo, kwa sababu wengi hudhani ni mwizi anayetoka nje. Huyo mlinzi wa mlangoni anamtosha. Anayezuiwa na skrini iliyofungwa ni mtu ambaye tayari yumo ndani kwa haki yake: mfanyakazi mwenzako, mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, mfanya usafi, fundi aliyeitwa kutengeneza feni, au mwanachama aliyeketi upande wa pili wa meza yako na kuona kwamba umeingia chumba cha nyuma kutafuta jalada. Karibu wote ni watu waaminifu, na hakuna anayekutaka uanze kuwashuku. Ulazima unatokana na namna mifumo ya fedha inavyoweka kumbukumbu zake.

Kila muamala unaoingizwa kwenye mfumo wa chama chenu huandikwa pamoja na akaunti iliyoufanya, tarehe na saa. Mfumo hauna njia ya kujua ni vidole vya nani vilivyobonyeza; unachojua ni akaunti ya nani iliyokuwa wazi. Mkopo ukiidhinishwa, marejesho yakifutwa, au namba ya simu ya mwanachama ikibadilishwa ili ujumbe wa kuthibitisha malipo uende kwa mtu mwingine, na yote hayo yakatendeka wakati wewe uko kwenye chakula cha mchana, mkaguzi atakapozifungua kumbukumbu hizo miezi kadhaa baadaye atalikuta jina lako na si la mwingine. Utasema hukuwepo mezani, na huenda ukawa unasema kweli tupu, lakini utahitaji shahidi anayekumbuka siku hiyo na saa hiyo. Ndiyo maana mimi hulihesabu kufuli la skrini kuwa ni ulinzi wa mfanyakazi kabla halijawa ulinzi wa mwajiri, na ningependa sana mafundi wa TEHAMA walieleze hivyo wanapoliweka, badala ya kulileta kama adhabu iliyotoka makao makuu.

Madhara yenyewe hayahitaji muda mrefu wala ujuzi mkubwa. Mtu anayekuta barua pepe yako iko wazi anaweza kuweka kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani ya nje, kisha akaondoka. Kanuni hiyo itaendelea kufanya kazi kimyakimya hata baada ya wewe kurudi, kufunga na kubadilisha nenosiri. Wengi wetu pia tumeunganisha WhatsApp ya simu na kompyuta ya ofisini kwa urahisi wa kupokea nyaraka, hivyo anayeketi kwenye kiti chako kwa dakika mbili ana mazungumzo yako ya kazini na ya nyumbani pamoja, na anaweza kumwandikia yeyote kwa jina lako.

Sasa nirudi kwenye dakika tano. Hizo si amri inayotoka popote. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa kadi za malipo, kinachojulikana kwa herufi PCI DSS, kinataka mtumiaji ajithibitishe upya baada ya kukaa zaidi ya dakika 15 bila kufanya kitu, na miongozo maarufu ya kusanidi Windows hupendekeza kisichozidi sekunde 900, ambazo ni dakika hizo hizo 15. Kwa hiyo fundi wenu ana nafasi ya kuchagua, na ni vyema achague kwa kuangalia mahali kompyuta ilipo badala ya kutumia kipimo kimoja kwa jengo zima. Kompyuta ya dirisha la malipo, ambayo mtu wa nje anaweza kuona kioo chake na kuifikia kibodi kwa kunyoosha mkono, inastahili muda mfupi. Kompyuta iliyo katika chumba cha ndani chenye mlango unaofungwa inaweza kupewa dakika kumi bila hatari kubwa kuongezeka.

Hata hivyo, nadhani kinachokuchosha zaidi ni urefu wa kufungua kuliko ufupi wa muda. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mtumiaji anaweza kufungua kompyuta yake kwa pini, kwa alama ya kidole au kwa uso ikiwa kifaa kina uwezo huo, na pini hiyo hubaki ndani ya kompyuta ile ile, kiasi kwamba anayeijua hawezi kuitumia kuingia kwenye akaunti yako kutoka mashine nyingine. Mwombe fundi akuwekee kisoma alama za vidole cha kuchomeka kwenye tundu la USB, au angalau akuruhusu utumie pini. Kufungua kukichukua sekunde mbili, dakika tano hazitakuwa tena kero ya foleni.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mafundi husahau kulisema. Kompyuta huanza kuhesabu muda tangu ulipobonyeza kitufe au kusogeza kipanya kwa mara ya mwisho. Ikipangwa kujifunga baada ya dakika 15, maana yake ni kwamba umeondoka na mlango umebaki wazi kwa dakika 15. Kujifunga kwenyewe kumewekwa kwa ajili ya siku utakayosahau. Kufunga halisi ni kwako, kila unaponyanyuka. Katika Windows unabonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi L. Katika kompyuta za Apple ni Control, Command na Q. Katika kompyuta nyingi za Linux zinazotumia mazingira ya GNOME ni kitufe hicho chenye nembo pamoja na L, kama ilivyo kwenye Windows. Jifunze kufanya hivyo mkono mmoja ukiwa bado unasukuma kiti, na baada ya muda hutakumbuka hata kwamba unafanya.

Salaam. Ninasimamia TEHAMA katika hospitali ya wilaya huko Nyanda za Juu Kusini. Kila wodi ina kompyuta moja inayotumiwa na wauguzi wote wa zamu. Tulipoweka utaratibu wa kujifunga, kwanza waliandika nenosiri kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Kisha nikakuta wodi moja wameegesha chupa ya spiriti juu ya kitufe cha nafasi ili kompyuta isilale kamwe. Uongozi unataka niwachukulie hatua. Unashauri nini?

Ndugu, nakushauri uuombe uongozi uahirishe hatua hizo, kwa sababu hao wauguzi wamekuonyesha kasoro ya mpango na si kasoro ya tabia zao. Hawako peke yao. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Ross Koppel, Sean Smith na wenzao, waliandika juu ya mbinu ambazo watumishi wa afya wa nchi hiyo hutumia kukwepa vizuizi vya kompyuta, na miongoni mwa waliyoyakuta ni vikombe vilivyofunikwa juu ya vitambuzi vilivyokusudiwa kujua kama mtu yupo karibu na kompyuta, na timu ambamo mtumishi wa cheo cha chini kabisa alipewa kazi ya kupita akibonyeza kitufe cha nafasi kwenye kibodi za wote ili zisijifunge. Hospitali hizo zilikuwa na fedha na vifaa kuliko ya kwenu, na bado chupa yako ya spiriti ilikuwa na ndugu zake huko.

Sababu ni ile ile. Muuguzi anayetoka kitanda cha tatu akiwa amevaa glavu, anayetaka kuangalia kipimo cha dawa kabla hajarudi kwa mgonjwa anayetapika, hana nafasi ya kuandika herufi 12 zenye alama na tarakimu. Akilazimishwa kuchagua kati ya utaratibu wako na mgonjwa wake, atamchagua mgonjwa, na hapo ndipo anapopaswa kuwa. Kazi yako ni kumwondolea ulazima wa kuchagua.

Anza na nenosiri la pamoja, kwa maana ndilo tatizo kubwa kuliko skrini. Ikiwa wauguzi wote wa wodi wanaingia kwa akaunti moja, kuifunga kompyuta hakuzuii jambo la maana: kila mtu anaijua njia ya kuingia, na kumbukumbu za mfumo zitasema tu kwamba dawa iliandikwa na "wodi ya wanawake". Siku kipimo kikikosewa hakuna atakayeweza kujua nani aandikiwe maelezo wala nani asafishwe na lawama.

Ukiwapa akaunti zao binafsi za kuingia kwenye kompyuta yenyewe, utakutana na tatizo la pili, ambalo nina hakika umekwisha kuliona: muuguzi wa zamu ya usiku amefunga skrini na kwenda nyumbani, na wa asubuhi anakuta jina la mwenzake. Windows inamruhusu wa pili kuingia kwa kubadili mtumiaji, bila kumfungia wa kwanza kazi zake, lakini kila anayebaki ndani kwa namna hiyo anaendelea kutumia kumbukumbu ya mashine, na kompyuta kuukuu yenye watu sita waliobaki ndani itatambaa mpaka mtu aizime kwa kitufe cha umeme, pamoja na kazi za watu sita ambazo hazijahifadhiwa.

Kwa kompyuta ya wodi, mpango ninaouona unafaa zaidi ni kuvitenganisha vitu viwili. Kompyuta yenyewe iwe na akaunti ya kituo isiyo na uwezo wowote, isiyo na mafaili, isiyo na barua pepe, isiyoweza kusakinisha programu, na inayofungua jambo moja tu, yaani mfumo wa taarifa za wagonjwa. Ndani ya mfumo huo kila muuguzi aingie kwa jina lake, na ni mfumo huo ndio unaomtoa baada ya muda mfupi wa ukimya, ukimrudisha anayefuata kwenye ukurasa wa kuingia. Hakuna anayemfungia mwenzake kompyuta, na bado kila kilichoandikwa kina mwenyewe. Zungumza na waliowatengenezea mfumo ili, kabla ya kumtoa mtu, uhifadhi alichokuwa ameanza kuandika. Kupoteza maelezo ya mgonjwa yaliyojazwa nusu ndiko kunakowafanya watu watafute chupa. Zipo hospitali zinazotumia kadi ya kitambulisho ambayo muuguzi huigusisha kwenye kisomaji na kuingia mara moja, na mkipata fedha za mradi hilo ni jambo la kuombewa kabla ya televisheni ya ukumbi wa kusubiria.

Halafu nenda ukakae wodini zamu nzima kabla ya kuchagua dakika. Tazama muuguzi hukaa muda gani mbali na kompyuta kati ya kazi mbili za kawaida, na uweke muda unaozidi hapo kidogo. Geuza meza ili kioo kisitazame korido wanakopita ndugu wa wagonjwa, kwani skrini isiyofungwa ambayo hakuna anayeweza kuisoma ina hatari ndogo kuliko iliyofungwa kila baada ya dakika tano lakini inayotazama umma kwa hizo dakika tano. Ukifika huko, chupa itaondoka yenyewe, na itakayobaki baada ya hapo unaweza kuizungumza na mhusika mmoja mmoja.

Mimi ni katibu muhtasi Dodoma. Nikifunga skrini wakati printa inachapa au faili linapakuliwa, kazi hiyo husimama? Naogopa kupoteza nyaraka.

Haisimami. Kufunga skrini ni kuweka pazia mbele ya kazi yako tu: programu zinaendelea, printa inaendelea, faili linaendelea kushuka, na barua uliyokuwa ukiiandika utaikuta pale pale ulipoiacha. Kinachoweza kusimamisha upakuaji ni kompyuta kulala, jambo ambalo hupangwa mahali pengine, katika mipangilio ya umeme. Ikiwa faili lako ni kubwa, mwombe fundi arefushe muda wa kulala na asiguse muda wa kufunga. Hifadhi kazi yako kabla ya kunyanyuka hata hivyo, kwa sababu ya umeme wetu.

Kompyuta yangu huzima kioo chenyewe baada ya dakika tatu na huwa cheusi kabisa. Mkuu wangu anasema hiyo haitoshi. Kuna tofauti gani? (Mwalimu, Zanzibar)

Mwalimu, mkuu wako ana haki. Sogeza kipanya kioo kikiwa cheusi na utazame kinachotokea: kama kazi zako zinarudi mara moja bila kuulizwa chochote, kioo kilikuwa kimezimwa kuokoa umeme na mlango ulikuwa wazi muda wote. Mkanganyiko huu una historia ndefu. Katika enzi za vioo vizito vya mirija, picha iliyokaa muda mrefu bila kubadilika iliweza kuunguza alama ya kudumu kwenye tabaka linalotoa mwanga ndani ya kioo, ndipo zikabuniwa zile picha zinazotembeatembea kompyuta ikiachwa. Sharti la nenosiri liliongezwa juu ya picha hizo baadaye, na mpaka leo katika Windows mambo hayo mawili yanawekwa katika dirisha moja: unachagua dakika za kusubiri, kisha unaweka alama kwenye kisanduku kinachotaka ukurasa wa kuingia uonyeshwe unaporudi. Wengi huchagua dakika na kukisahau kisanduku.

Kwenye kompyuta za Apple fungua mipangilio ya skrini ya kufunga, ambako kuna swali la muda unaopaswa kupita kati ya kioo kuzimwa na nenosiri kuhitajika. Chaguo hizo huanzia papo hapo hadi saa kadhaa. Ukikuta imewekwa saa, irudishe iwe papo hapo. Baada ya kupanga, usiamini mipangilio uliyoisoma. Iache kompyuta muda uliouchagua, urudi, na uiguse.

Mwalimu, ongeza na jambo hili, maana nimeliona katika shule na ofisi nyingi: mafundi wengine huiwekea kompyuta ya mezani kuingia moja kwa moja bila nenosiri inapowashwa, ili kurahisisha mambo baada ya umeme kukatika. Kompyuta ya namna hiyo inaweza kuwa na mpango mzuri wa kujifunga, lakini mtu yeyote anayechomoa waya na kuurudisha atajikuta ameingia kwa jina lako.

Ofisini kwetu Nairobi kuna mchezo: anayeacha kompyuta wazi, wenzake hutumia akaunti yake kuandika kwenye kundi la kazi kwamba kesho atawanunulia wote soda na mandazi. Watu wameanza kufunga skrini kwa kuogopa. Bosi anaupenda mchezo huu. Wewe unaonaje?

Mimi siupendi, ingawa nakubali kwamba unafanya kazi. Nguvu yote ya kuwa na akaunti binafsi iko katika kanuni moja, kwamba hakuna anayeandika kwa jina la mwingine, na mchezo wenu unawazoeza watu wazima kuivunja kanuni hiyo kila wiki huku wakicheka. Siku ujumbe mbaya utakapotoka kwenye akaunti ya mtu, labda tusi kwa mteja au maneno machafu kwa dada wa mapokezi, aliyeuandika mwenyewe atadai ni mchezo wa wenzake, na asiyeuandika hataaminika akisema hivyo hivyo. Kumbukumbu zenu zitakuwa zimekwisha kupoteza uzito wake. Tena wanaoumia zaidi ni wageni na vijana wa mafunzo, ambao hawana ujasiri wa kukataa kununua.

Mwombeni bosi autumie uhodari huo kwa njia nyingine: anayepita na kuona skrini wazi abonyeze tu vitufe viwili vya kuifunga, aweke kikaratasi juu ya kibodi, na aende zake bila kusoma kilichokuwa kiooni. Mwenye kiti akirudi na kukuta kikaratasi ataelewa, na hakuna neno lililoandikwa kwa jina lake.

Bwana Mhariri, nina kampuni ya uwakala wa forodha Mombasa. Tunahifadhi nakala za vitambulisho, pasipoti na vyeti vya kodi vya wateja. Je, sheria inanilazimisha kuweka skrini zijifunge? Na kijana wangu ameniambia simu inaweza kuifunga kompyuta nikitoka, ni kweli?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitaji skrini wala dakika. Inamtaka anayehifadhi taarifa za watu kuchukua hatua za kiufundi na za kiutawala zinazolingana na hatari iliyopo, na ikitokea taarifa zimefikiwa na asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Wasomaji wetu wa Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo nayo inadai hatua za usalama bila kuorodhesha kila moja. Hata kanuni za Marekani za kulinda taarifa za afya, ambazo zinataja wazi kwamba mfumo umtoe mtu baada ya muda wa ukimya, zinaiachia taasisi yenyewe ichague muda huo.

Usiifurahie sana nafasi hiyo uliyoachiwa. Maana yake ni kwamba siku ya malalamiko utaulizwa ulifikiri nini na ulifanya nini, nawe utahitaji kuonyesha karatasi. Andika ukurasa mmoja: kompyuta zipi zinajifunga baada ya muda gani, kwa sababu gani, nani anaruhusiwa kubadilisha, na mara ya mwisho zilikaguliwa lini. Kiwango cha ISO 27001, ambacho baadhi ya wateja wakubwa wa meli na bima hukiulizia, kina kipengele kinachotaka meza na skrini ziachwe safi, na ukurasa wako huo utakuwa mwanzo mzuri wa kukijibu. Mpangilio wenyewe usiachiwe kila mfanyakazi kwenye mashine yake. Fundi auweke kwa sera ya pamoja ili mtu asiweze kuuondoa siku anapochoka nao.

Kuhusu simu, kijana wako yuko sahihi. Tangu mwaka 2017, Windows 10 na zilizofuata zina uwezo wa kuunganishwa na simu kwa Bluetooth, na simu hiyo ikitoka nje ya masafa kompyuta hujifunga ndani ya takribani dakika moja. Ni msaada mzuri kwa mtu anayesahau, lakini usiufanye kuwa kufuli pekee. Mawimbi ya Bluetooth hupita kuta nyembamba, hivyo unaweza kuwa umeketi chumba cha pili ukinywa kahawa na kompyuta ikaendelea kuamini upo. Na wengi wetu tunaponyanyuka, simu ndiyo hubaki mezani ikichajiwa.

Nilidhani nimefanya kila kitu: kompyuta yangu mpakato ilikuwa imefungwa skrini ilipoibwa kwenye gari. Rafiki ananiambia wezi wanaweza kusoma mafaili hata hivyo. Je, kufunga kulikuwa kazi bure? (Afisa miradi, Kigoma)

Pole sana, dada. Haikuwa kazi bure, lakini kufuli la skrini limeundwa kumzuia mtu aliyeketi mbele ya kompyuta kwa dakika chache, na mwizi aliyekwenda nayo nyumbani ana siku nyingi. Anaweza kuichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, na mafaili yaliyoandikwa humo kwa njia ya kawaida yatasomeka bila nenosiri lako kuulizwa hata mara moja. Mwaka 2016 mtaalamu wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha pia kifaa kidogo cha bei ya chini ambacho, kikichomekwa kwenye USB ya kompyuta iliyofungwa skrini huku kivinjari kikiwa kimeachwa wazi, kiliweza kuchota vitambulisho vya kuingia kwenye tovuti.

Kinachomzuia mwizi wa namna hiyo ni usimbaji wa diski nzima. Katika Windows za kiofisi huitwa BitLocker, na katika kompyuta za Apple huitwa FileVault. Vyote viwili huyageuza mafaili kuwa kitu kisichosomeka bila ufunguo. Muulize fundi wenu kama kompyuta iliyoibwa ilikuwa imewekewa, kwa sababu baadhi ya kompyuta mpya huja usimbaji ukiwa tayari umewashwa na mwenyewe hajui. Ikiwa haikuwa, fanyeni leo hii mambo mawili: badilisheni kila nenosiri lililotumika kwenye mashine hiyo, mkianza na barua pepe, na mkazitoe akaunti zako kwenye vifaa vyote kutoka kompyuta nyingine. Kisha mwajiri wako aorodheshe taarifa za watu zilizokuwa ndani yake, maana huenda akawa na wajibu wa kutoa taarifa.

Kwa kompyuta utakayopewa sasa, usimbaji uwashwe kabla hujaanza kuitumia, na unaposafiri nayo uizime kabisa badala ya kuifunga skrini, kwa kuwa ufunguo wa usimbaji hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine muda wote inapokuwa hai. BitLocker itakupa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uandike au uuchape, na nakala ikae kwenye kabati la ofisi linalofungwa, si ndani ya begi la kompyuta hiyo.